Kuwapo, Kutokuwapo na Udhanaishi: Maswali Mawili Kutoka Kisarawe na Kibaha

Makala haya yametokana na maswali mawili tuliyoulizwa katika mkoa wa Pwani kwa nyakati mbalimbali. La kwanza tuliulizwa Kisarawe na mwalimu wa fasihi wa shule ya sekondari. Alikuwa akiisoma na wanafunzi wake riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1974, na aliwaeleza, kama vitabu vya uhakiki visemavyo, kwamba riwaya hiyo ina falsafa ya udhanaishi. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, udhanaishi maana yake ni kuishi kwa kudhani?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, kwa sababu alihisi kuwa kijana yule alikuwa amelisikia neno vizuri kuliko wote waliomcheka.

Swali la pili tuliulizwa Kibaha na karani aliyekuwa akiandika taarifa ya kifo. Rasimu yake ya kwanza ilisema "maiti imeletwa". Mkubwa wake akaikata kwa wino mwekundu, akaandika "maiti ameletwa". Taarifa ya hospitali iliyoambatishwa ilisema "mwili umeletwa". Karani alitaka kujua ipi ni sahihi.

Mwanzoni tuliyaona maswali haya kuwa hayana udugu. Moja ni la falsafa na jingine la upatanisho wa kisarufi. Tulipoyatafakari tuliona kuwa yote mawili yanauliza jambo moja: Kiswahili husemaje kwamba mtu yupo, na husemaje kwamba hayupo tena? Tutaanza na lile la Kisarawe.

Neno "udhanaishi" limeundwa kwa kuunganisha "dhana" na "ishi", kisha kutiwa kiambishi "u" cha majina ya dhahania. Ni istilahi iliyokwisha kuenea katika vyuo vikuu vyetu na katika vitabu vya nadharia, wala hatukusudii kuing'oa. Lakini yafaa tuseme wazi kuwa imepangwa kinyume cha jambo inalolitaja. Katika maneno yetu ya kuungana, sehemu ya kwanza aghalabu ndiyo kichwa cha neno, na ya pili huieleza ile ya kwanza. Mwanasheria ni mwana wa sheria, si sheria ya mwana. Jina lenyewe la riwaya tunayoizungumzia limejengwa hivyo: kichwamaji ni kichwa kilicho maji, si maji ya kichwa. Kwa kanuni hiyo "dhanaishi" ni dhana iishiyo, au kama kijana wa Kisarawe alivyolisikia, ni kuishi kulikojengwa juu ya kudhani. Dhana imetangulia, maisha yamefuata.

Basi tazama falsafa yenyewe isemavyo. Jean-Paul Sartre, katika mhadhara alioutoa Paris mwaka 1945 na kuchapishwa mwaka uliofuata, alishikilia kuwa kwa binadamu kuwapo hutangulia kiini chake. Alitumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi. Msomaji wa Kisarawe atauelewa upesi zaidi mfano wa kinu. Mchongaji, kabla hajauangusha mti, ana kinu kichwani: anajua kimo chake, upana wa mdomo wake, na kazi kitakayofanya. Kwa kinu, dhana ilikuja kwanza, na kuwapo kukafuata. Wenye dini husema binadamu naye ni hivyo, kwamba alijulikana na Muumba wake kabla hajazaliwa. Sartre alikataa. Kwake yeye mtu huwapo kwanza, akajikuta duniani bila ya maelezo, na kwa matendo yake mwenyewe ndipo ajifanyapo kuwa mtu wa namna fulani. Kwa hiyo istilahi iliyoweka dhana mbele ya ishi imemrudisha binadamu katika hali ya kinu, ile ile ambayo falsafa hii ilitaka kumtoa. Mwanafunzi akipewa neno hilo bila ya maelezo atapotea mlangoni.

Pendekezo letu ni dogo. Udhanaishi na ubaki kuwa jina la mkondo huo wa fikra, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, na kulibadili sasa kungezaa mkanganyo mkubwa kuliko faida. Lakini mwalimu asilifafanue kwa kuanzia "dhana". Na alifafanue kwa neno "kuwapo", na inapobidi aseme "falsafa ya kuwapo". Tunachagua "kuwapo", si "kuwa", kwa sababu ambazo zinastahili kuelezwa kwa urefu kidogo.

Kitenzi "kuwa" katika lugha yetu hakipendi kusimama peke yake. Mtu akisema "Juma ni", tutangoja amalize: Juma ni nani, ni mrefu, ni mkulima? Neno "ni" huunganisha mtu na sifa, lakini halituambii kwamba mtu huyo yupo. Habari ya kuwapo lugha yetu huitoa kwa kutaja mahali, kwa vile viambishi vitatu tulivyofundishwa darasani: po ya mahali dhahiri, ko ya mahali pasipo dhahiri, na mo ya ndani. Yupo, yuko, yumo. Hata Mungu, ambaye waumini hawamfungii mahali, hunenwa kuwa "yupo". Lugha nyingine zimelazimika kujitafutia jambo hili. Mjerumani Martin Heidegger, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alilichukua neno la kawaida la Kijerumani ambalo ndani yake mna "hapo", akalifanya kuwa jina la namna binadamu alivyo. Sisi hatuhitaji kazi hiyo. Mtoto wa Kiswahili anayejibu "nipo" mwalimu anapoita majina amekwisha kuisema.

(Tunajua kuwa wengi siku hizi husema na kuandika "kuwepo". Umbo hilo limeenea mno, na hatuoni faida ya kuwagombeza watu kwa ajili yake. Sisi tunaandika "kuwapo" kwa kuwa ndani yake "kuwa" na "po" huonekana bila ya kificho.)

Ukanusho nao una mengi. Ukipiga hodi katika nyumba yoyote ya Maneromango au ya Mlandizi ukamwulizia mwenye nyumba, waweza kuambiwa "hayupo", nawe utauliza atarudi lini. Baada ya mazishi neno ni lile lile, hayupo, ila swali la kurudi haliulizwi. Lugha haikubadili hata herufi moja. Kilichobadilika ni kile ambacho aliye nje ya mlango anakijua. Hii ndiyo sababu mfiwa husikia neno hilo kwa uzito asiousikia mpita njia, na ndiyo sababu mfasiri wa riwaya ya mauti asikimbilie maneno makubwa pale ambapo "hayupo" linatosha.

Turudi sasa kwa Kichwamaji. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu kutoka Ukerewe, anatusimulia mwenyewe habari za nyumba yao. Dada yake Rukia anapewa mimba na Manase. Rukia anakufa, na mama yao naye anafariki. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, lakini mwisho wake anamwoa. Manase ana mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na hofu ya kichwa hicho inaingia hadi katika nyumba ya Kazimoto mwenyewe. Mwishoni anajiua. Watu wengi wameisoma riwaya hii kama kisa cha msomi aliyepotoka, na kweli inasomeka hivyo. Lakini kwa anayeshughulika na maneno, jambo kubwa liko mahali pengine. Kazimoto hakosi majina ya mambo. Anayo maneno ya dini, anayo maneno ya siasa ya wakati wake, anayo maneno ya darasani. Anachokosa ni neno litakalomfunga na yale yaliyomo nyumbani mwao, hata msiba umkute akiwa miongoni mwa wafiwa kama wafiwa wenzake. Yupo, lakini hayumo. Tofauti hiyo ya po na mo, ambayo wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani wa sarufi, yatosha kwa kipindi kizima cha kuifundisha riwaya hii.

Kezilahabi aliujua mchezo huo. Jina la riwaya yake ni ushahidi: kwa upande mmoja kichwamaji ni kilema cha mwili, kile kichwa cha mtoto, kwa upande wa pili ni mtu mkaidi asiye na utulivu wa akili. Neno moja limebeba ugonjwa na hali ya roho, nalo limetoka katika midomo ya watu, halikutoka katika faharasa. Alipoandika baadaye Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991 alikwenda mbali zaidi na akaiacha njia ya usimulizi wa kawaida, lakini hata huko hakuwa mwandishi wa kuungaunga istilahi. Alifariki mwaka 2020, na hadi sasa wahakiki wake hutumia maneno mazito ya kitaalamu kuliko aliyoyatumia yeye.

Hapa ndipo karani wa Kibaha anapoingia. Tuyatazame maneno yetu ya mauti jinsi yalivyo. "Kufa" ni neno tupu lisilopambwa, nalo hutumika kwa mtu, kwa mnyama, kwa betri ya saa, kwa gari lililokwama kando ya barabara ya Morogoro, hata kwa mguu uliokufa ganzi. Kwa kuwa ni tupu hivyo, adabu hutuzuia kulitumia mbele ya wafiwa. Badala yake twasema "amefariki", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni kutengana. Zamani ilisemwa kwa ukamilifu "amefariki dunia", yaani ametengana na dunia. Twasema "marehemu", yaani aliyerehemewa. Twasema "ametangulia", kana kwamba sote tuko safarini naye amepita mbele. Kwa viongozi twasema "hayati", na wachache hukumbuka kuwa asili ya neno hilo ni uhai. Angalia kuwa maneno yote haya ya heshima yanamchukua aliyekufa kuwa bado ni mtu fulani: ametengana, amerehemewa, yuko njiani. Ni "kufa" peke yake lisilomwahidi chochote.

Upatanisho wa kisarufi hufanya kazi iyo hiyo, kimya kimya. Neno "maiti" kwa umbo lake lingefaa kukaa katika ngeli ya vitu, lakini sarufi tuliyofundishwa humpa upatanisho wa viumbe wenye uhai: maiti ameletwa, maiti huyu. Lugha imekataa kumtoa katika jamii ya watu hata baada ya pumzi kukatika. "Marehemu" ni hivyo hivyo, na hakuna atakayesema "marehemu hii". Anayesema "maiti imeletwa", nao ni wengi, amemhamisha tayari. Na anayeandika "mwili umeletwa" amekwepa swali lote: mwili una ngeli yake, wala hauhitaji kuamua kama mwenyewe bado yupo. Ndiyo maana hospitali na polisi hulipenda neno hilo. Tulimjibu karani kwamba mkubwa wake alikuwa sahihi kwa kanuni ya sarufi, na hospitali ilikuwa sahihi kwa desturi ya kazi yake. Katika barua inayokwenda kwa ndugu wa marehemu, aandike "mwili wa marehemu", kwa kuwa hapo mwili unatajwa na mwenyewe hakusahauliwa. Jibu hilo halimo katika kitabu chochote cha sarufi tunachokijua. Tumelitoa kwa kuona kuwa barua ya serikali husomwa na mtu anayelia.

Wazaramo wa Kisarawe wana njia nyingine ya kulijibu swali hili, nayo haimo katika sarufi. Katika misiba yao watani, Wanyamwezi miongoni mwao, wana haki ya kutania pale ambapo wengine hawathubutu kuinua sauti. Mtani huweza kuuiga mwendo wa marehemu, sauti yake, na madeni aliyoyaacha. Huweza kuzuia shughuli mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua huona ni utovu wa adabu. Lakini kwa muda ule mfupi aliyekufa anakuwapo tena kwa kiungo cha mtu mwingine, na waliokuwa wakilia wanacheka, kisha anaondoka mara ya pili, safari hii mbele ya macho ya wote. Katika Kichwamaji tunamwona msomi ambaye hana mtani wa namna hiyo. Kicheko kimo katika riwaya ile, tena kingi, lakini ni kicheko cha mtu mmoja na nafsi yake.

Wafasiri wanaosoma jarida hili watapenda tuyapime haya kwa kazi ya lugha nyingine. Riwaya ya Mmarekani William Faulkner iitwayo As I Lay Dying, ya mwaka 1930, yafaa kwa kipimo hicho, maana nayo ni ya mauti na ya jamaa. Addie Bundren, mke wa mkulima maskini wa Mississippi, anakufa, na mumewe na watoto wake wanaichukua safari ngumu ya kwenda kumzika mjini kwa watu wake. Riwaya ina sehemu 59 na wasimulizi 15, kila mmoja akisema kwa nafsi yake. Addie mwenyewe anasema mara moja tu, katika sehemu inayokuja baada ya kifo chake, na anachosema ni kwamba maneno hayafikii yale yanayodai kuyataja. Mtoto wake mdogo amevua samaki siku ile ile mama alipokufa, na akilini mwake mama na samaki wanachanganyika. Mwanawe mwingine, Darl, analala katika nyumba ya ugenini akikipindua pindua kitenzi cha kuwa, akijiuliza kama yeye mwenyewe yupo.

Hapo mfasiri wa Kiswahili anakwama. Kiingereza kinacho kitenzi kimoja ambacho huweza kusimama peke yake katika wakati uliopo na wakati uliopita, na Faulkner amejenga juu ya tofauti hiyo. Ukifasiri kwa "ni" na "alikuwa", sentensi zitaning'inia zikidai sifa. Ushauri wetu ni kwamba mfasiri aache kabisa "ni" katika kurasa hizo, atumie "yupo", "alikuwapo", "hayupo", na asiogope kuyarudia. Atumie pia tofauti ambayo Kiingereza hakinayo kwa wepesi huo: "alikufa" ni tukio lililopita, lakini "amekufa" ni hali anayodumu nayo hadi tunaposema. Mtoto mdogo yule anaweza kukubali kuwa mama amekufa, akakataa kuwa alikufa. Jina la kitabu nalo ni mtihani. "Nilipokuwa Nimelala Nikifa" ni sahihi kisarufi na ni zito mdomoni. "Nikiwa Katika Kufa" ni fupi zaidi, lakini limepoteza kule kulala, ambako kwetu ni kulala kwa usingizi, kwa ugonjwa na kwa kaburini. Hatujapata jina linaloturidhisha.

Jambo moja dogo la vitendo: asitumie "jeneza" katika kitabu kile bila ya kufikiri. Mwana mmoja wa Addie ni seremala, naye amelichonga sanduku la mama yake kwa mkono wake, na litazikwa pamoja naye. Kwa msomaji Mwislamu wa Pwani jeneza kwanza ni lile la msikitini, ambalo huazimwa, likabeba maiti hadi kaburini, likarudishwa. Akisoma kuwa mto uliofurika nusura ulichukue jeneza, atawaza juu ya mali ya msikiti. "Sanduku" linafaa zaidi.

Istilahi nyingine za falsafa hii tutazipitia upesi. "Ubwege", linalotumika katika fani ya tamthilia kwa ile hali ya ulimwengu kutotoa jibu kwa mtu aulizaye, lina kasoro ya kumtupia lawama mtu. Bwege ni mjinga, na muulizaji si mjinga, wala ulimwengu si mjinga. Tatizo liko katika kukutana kwao. Kwa tamthilia, ambako kichekesho kimo, neno hilo lina nafasi yake. Kwa riwaya kama Kichwamaji tungelitumia kwa hadhari. "Ukiwa" ni neno zuri kwa hali ya Kazimoto, tena ni zuri kuliko "upweke", kwa sababu ndani yake mna kufiwa na kuachwa. Mwalimu aangalie tu kuwa katika maandishi halitofautiani na kitenzi "ukiwa", na mwanafunzi hukwama akisoma "ukiwa na ukiwa". Mshairi angefurahi.

"Ajali" ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Baadhi ya wafasiri hulitumia kwa lile wazo la kwamba mtu amezaliwa bila ya sababu wala mpango, kwa bahati tu. Siku hizi, kwa yeyote anayeishi kando ya barabara kuu ipitayo Kibaha, ajali ni kugongana kwa magari, jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Lakini katika Kiswahili cha kale, kwa kufuata asili yake ya Kiarabu, ajali ni saa ya kufa aliyoandikiwa mtu, isiyosogea mbele wala nyuma. Methali isemayo "ajali haina kinga" ilizaliwa katika maana hiyo. Neno moja limebeba mambo mawili yanayopingana, lililopangwa na lisilopangwa, na wazee wa Kisarawe husikia lile la kwanza pale ambapo wajukuu wao husikia la pili. Tunapendekeza "bahati nasibu" lisitumiwe pia, kwa kuwa limekwisha kuchukuliwa na wauza tiketi. "Usadifu" linafaa zaidi.

Tungefurahi kupokea kutoka kwa walimu na watendaji wa Kisarawe maneno ya Kizaramo yatumikayo msibani, hasa yale ya watani, pamoja na maelezo ya nani ana haki ya kuyasema na kwa nani. Na yeyote aliye na jina bora la Kiswahili kwa riwaya ya Faulkner asisite kutuandikia.